Shimo Moja, Korosho Mbili

Kwa misimu miwili ya korosho nilipigwa marufuku kukanyaga kitongoji cha Tupumue, mimi niliyekifundisha kitongoji hicho kupogolea na kupuliza salfa. Aliyenipiga marufuku ni bibi mmoja anayetembelea fimbo, na kosa langu lilikuwa kwenda kuukagua mti mara nyingi mno. Nawaambieni haya mapema, vijana wangu mnaoanza kazi ya ugani, msije mkadhani mama huyu mstaafu ameketi kibarazani kwake Likombe anagawa busara. Siketi. Binti yangu anasema vizingiti vya nyumba vimechakaa kwa kuingia na kutoka kwangu. Mikorosho ya majirani nimeshaipogoa yote, na jirani mmoja alinijia juu kwa sababu hakuniomba.

Hii hali ya kutotulia sikuipata uzeeni. Nimezaliwa Mikindani, kwa watu wa samaki na duka, na mama yangu alikuwa akisema mimi nilitoka tumboni nikiuliza tunakwenda wapi. Nilipopelekwa kujifunza kubebesha miche, katika kitalu kimoja upande wa Naliendele, nilikabidhiwa kwa fundi aliyeitwa Issa, mtu wa maneno machache na kisu kikali. Kubebesha mnakujua: unachukua kikonyo, yaani ncha ya tawi la mti mzuri, unakichonga, unakipachika kwenye mche mwingine, unafunga kwa nailoni, unaomba Mungu. Wiki ya kwanza nilitaka kuwaonyesha wanaume pale kitaluni kwamba mwanamke ana mkono mwepesi. Nikamaliza mstari mzima kabla wenzangu hawajafika nusu. Fundi Issa akapita, akainama, akatazama mche baada ya mche, kisha akaniuliza kwa upole, "Somoe, hivi kwenu Mikindani miti huota kuelekea kuzimu?" Vikonyo vyote nilikuwa nimevipachika kichwa chini.

Kanuni yake aliyoirudia kila siku ilikuwa moja: ukishabebesha, ondoka. Usifungue kamba kuchungulia. Mti hauponi huku unachokonolewa. Niliisikia, nikaiandika, nikafaulu mtihani. Kuitii ni jambo jingine, na nitalifikia.

Nilipopelekwa Tupumue nilikuwa na baiskeli, mfuko wa salfa, kamba ya kupimia mistari na barua yenye mhuri. Ukipita Madimba ukashika njia ya kuelekea Ruvuma, utakuta mchanga unaomeza magurudumu, kisha mikorosho, kisha mikorosho tena. Siku hizo mtambo wa gesi haukuwapo na lami haikuwa hata ndoto. Watu wa pale walikuwa hawajawahi kuona afisa kilimo mwanamke, wala hawakujua waniiteje. Wakaamua kuniamkia, "Shikamoo Bwana Shamba," wakinitazama kitenge changu kwa mashaka. Ilichukua mwaka kufika kwenye Mama Shamba.

Historia ya pale nilikuja kuijua vipande vipande, na vipande vingi nilivipata nikiwa nimechelewa. Wa kwanza kufyeka alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa pwani aliyechoshwa na ugomvi wa mirathi kwao, akaja na mke, mapanga mawili na jogoo. Baadaye vita vilipowaka ng'ambo ya mto, watu wakaanza kuvuka. Walikuja Wamakonde na Wamakua wa kule, mikeka kichwani na watoto mgongoni, wakisema hawataki kukaa, wanataka kupumua kidogo tu halafu warudi. Jina la kitongoji limetoka hapo. Wengine walirudi kweli. Wengine wanapumua mpaka leo, na wajukuu wao wamekwisha kuoa.

Mzee Hamisi alikuwa na namna yake ya kupokea watu. Mnajua wasemavyo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alimpa jembe na korosho moja ya mbegu. Wakaenda pamoja mpaka pale ambapo shamba la mwenyeji lilikwisha na la mgeni lingeanzia, wakachimba shimo moja. Mwenyeji akatia korosho yake, mgeni akatia yake, kitako juu kama inavyotakiwa, wakafukia kwa mikono minne. Mikorosho miwili ikiota shimo moja, basi yule hakuazimwa ardhi, alipewa. Hakuna karatasi. Aliyetaka kujua mpaka alitafuta miti pacha.

Sasa kaeni na hilo kichwani, mnitazame mimi kijana nikiingia Tupumue na kamba yangu. Nilikuwa nimefundishwa, na nilifundishwa vizuri, kwamba mikorosho iliyobanana haizai, inaleteana ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua. Shimo moja, mti mmoja. Nikakuta mashamba hayana mistari, miti imekaa ovyo, na kwenye mipaka kuna miti miwili miwili imekumbatiana shina kwa shina. Nikaitisha mkutano, nikatangaza kwamba kila penye miti miwili shimo moja, mmoja utakatwa, na kisiki kichomwe kisichipue.

Walinisikiliza kwa adabu kubwa. Kesho yake nilipopita kutia alama za chokaa, Mzee Nalinga akaniambia mti wake una nyuki wakali, wameshampeleka mtu hospitali. Mwingine akasema mkewe amezaa pacha, ukikata mti mmoja utaua mtoto. Wa tatu alikuwa amepoteza shoka. Wa nne alinikaribisha uraka, pombe ya mabibo, na mimi ni Mwislamu, nikaondoka kwa hasira bila kutia alama. Nilirudi nyumbani nikimlalamikia mume wangu kwamba watu wale ni wabishi na wajinga.

Mmoja tu ndiye aliyenitii. Aliitwa Alberto, alikuwa amevuka mto na mkewe Rozalia, na shamba lao lilipakana na la Mzee Hamisi mwenyewe. Pacha wao ulikuwa na shina moja nene na jingine jembamba kidogo, upande wa kaskazini. Nikatia chokaa kwenye lile jembamba. Alberto akaliangalia muda mrefu, kisha akaniuliza, "Ni Serikali imesema?" Nikamwambia ndiyo, Serikali. Akaenda kuleta shoka. Mzee Hamisi wakati huo alikuwa mgonjwa, amelazwa Mtwara mjini.

Sikumwuliza Alberto nani aliupanda. Niliuliza umri wa mti, unazaa kiasi gani, unapulizwa lini. Nilikuwa na fomu, na fomu haikuwa na mstari wa swali hilo.

Mkutano uliofuata nilimsimamisha Alberto mbele ya watu, nikamwita mkulima wa mfano, nikampa panga jipya. Watu wakapiga makofi, tena sana. Nilidhani wanafurahia maendeleo.

Nakumbuka pia kwamba msimu ule, kila nilipopita kwao, niliona mikeka imefungwa kamba na sufuria zimo ndani ya kapu, tayari kwa safari. Nikamwuliza Rozalia kama wanakwenda kwenye ngoma. Akasema, "Bado." Nikapanda baiskeli yangu nikaenda zangu. Nilikuwa na mashamba mengine ya kukagua.

Kazi iliendelea, miaka ikaenda. Mambo mengi nilifanya vizuri, na sitajidhalilisha kupita kiasi. Niliwafundisha kutumbukiza mbegu kwenye maji, inayoelea unampa kuku, inayozama unaipanda. Niliwafundisha kupuliza salfa alfajiri kabla upepo haujaamka, baada ya mimi mwenyewe kupuliza saa nne nikarudi nyumbani nikiwa manjano kuanzia ushungi hadi kandambili, na mume wangu akakataa kunifungulia mlango. Nilihamishwa, nikapandishwa cheo, nikaletewa vijana wa kuwasumbua, nikastaafu. Tupumue niliiweka katika orodha ya mafanikio yangu.

Halafu mchana mmoja akaja hapa Likombe mwanamke wa makamo, amevaa kanga ya msiba. Alikuwa Tereza, binti wa Alberto na Rozalia. Baba yake alikuwa amefariki. Alikataa kuketi, na mimi siketi, kwa hiyo tulizungumza tukiwa tumesimama uani.

"Mama, wamekuja wapimaji," aliniambia. "Kila mtu anaonyesha mpaka wake apate hati ya kimila. Saidi mjukuu wa Mzee Hamisi amewaambia shamba letu ni la babu yake, sisi tuliazimwa tu. Tukaambiwa tulete shahidi. Mama amesema shahidi wetu alikatwa, na aliyemkata yuko Likombe."

Hapo ndipo niliposikia habari ya korosho mbili, mara ya kwanza katika maisha yangu. Tereza aliieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Kisha akafika kwenye mikeka iliyofungwa. Wazazi wake walikuwa wameelewa kwamba Serikali imekata upande wao wa mti, kwa hiyo imewafukuza. Wakafunga mizigo wakasubiri waambiwe siku. Walilala juu ya ardhi tupu msimu mzima, mikeka imefungwa, huku mimi nikipita na kengele ya baiskeli. Mzee Hamisi alipotoka hospitali ndiye aliyewaambia wafungue, hakuna anayewafukuza. Lakini Mzee Hamisi naye sasa hayupo, wala mwanawe.

Wenyeji walinidanganya kwa sababu walijua wanaweza. Mgeni alinitii kwa sababu aliogopa. Nami nikampa panga.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu alikuwa amekuja na miguu yake mpaka uani. Usiku ule sikulala, na kesho yake asubuhi nikapanda pikipiki kwenda Tupumue.

Mkutano ulifanyika palepale mpakani, mwenyekiti wa kijiji akiwa na daftari na wapimaji wakiwa na vifaa vyao vya setilaiti. Rozalia alikaa kwenye kigoda, hakunitazama. Saidi nilimkuta kijana mwenye sauti ya kistaarabu, aliyekulia mjini akiendesha bodaboda, akarudi kushika shamba baba yake alipokufa. Hakuwa mwizi. Alikuwa hajui, na mtu asiyejua huwa na uhakika sana. Mimi ni shahidi wa hilo.

"Mimi sina ugomvi na huyu mama wa ng'ambo," alisema. "Ila kila mtu hapa ana miti pacha. Wao wana mmoja, na huo ni wa babu. Shahidi wao yuko wapi?"

Nikasimama. "Nilimkata mimi," nikasema. "Alikuwa hapa, upande huu. Nilitia chokaa kwa mkono wangu."

Watu wakanong'ona. Saidi akanijibu kwa heshima, "Mama, wewe ni mtu mzima, lakini hayo ni maneno. Kisiki kiko wapi?"

Kisiki niliamuru kichomwe. Nilisimama pale nikitazama mchanga, na niseme kweli, nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikautazama mti wenyewe, kama Fundi Issa alivyokuwa akituzungusha kitaluni, akisema mti haujui kuficha ulikokulia.

Mkorosho uliokua peke yake hutoa matawi pande zote, ya chini yakaburuza mchangani. Uliokua na mwenzake shimo moja hauna tawi la chini upande wa mwenzake, na shina lake huinama kwenda nje, kukikimbia kivuli. Mti huu ulikuwa umenenepa na kuzeeka, lakini upande wa kaskazini ulikuwa mtupu kuanzia chini hadi juu ya kichwa changu, na shina limeinamia kusini. Nikawaonyesha. Nikawapeleka kwenye pacha wa Mzee Nalinga, tukalinganisha.

"Ni upepo, mama," Saidi akasema. "Kusi inainamisha miti yote hapa."

"Kusi inatoka wapi?"

"Kusini."

"Inaisukumia wapi miti?"

Saidi aligeuka akaitazama mikorosho ya shamba zima, iliyoinama kidogo kuelekea kaskazini, kisha akautazama ule mmoja ulioinama kinyume na wenzake. Mpimaji mmoja akaacha kuandika.

Mzee Nalinga, ambaye sasa hana jino hata moja, akainuka kwa msaada wa mwanawe. "Mama Shamba, mwaka ule nyuki hawakuwapo," akasema, naye mti huuita nti. "Nilikudanganya. Ningekwambia kweli, nti wa Alberto ungesimama mpaka leo. Tulinyamaza, halafu tukampigia makofi. Na mimi nilikuwapo Hamisi alipofukia na Alberto. Niliwashikia kibuyu cha maji."

Saidi akavua kofia yake. "Babu hakuniambia," akasema, kwa sauti ndogo. Mwenyekiti akaandika mpaka ulipo, na mpaka ulikuwa pale ulipokuwa siku zote. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kutafuta pikipiki.

"We mwali, ngoja," Rozalia akaniita. Nina wajukuu na ananiita mwali, na yeye mwenyewe hujiita nangu, yaani mimi. "Nangu nimekusikia. Umesoma nti vizuri. Lakini wewe mzee, na nangu mzee zaidi, na Nalinga ndiyo huyo. Tukifa, nani atausoma?"

"Kuna hati, Bibi. Imeandikwa."

"Wewe ulikuja na karatasi pia."

Nikajisikia nikisema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: tawi moja la mti wa Hamisi likikatwa, machipukizi yakitoka, naweza kuyabebesha vikonyo kutoka mkorosho wa Rozalia ulio nyuma ya jiko lake, ambao Alberto aliupanda kwa mbegu aliyovuka nayo mto. Mkorosho wa Hamisi huzaa mabibo mekundu. Ule wa jikoni huzaa ya manjano. Mti mmoja ungezaa yote mawili. Mti ulikuwa wa Saidi, kwa hiyo wote tukamtazama. Alichukua muda wake, nami kucha zangu nilizimaliza.

"Tawi moja," akasema. "Moja tu."

Machipukizi yalipotoka nikabebesha manne. Mikono inatetemeka siku hizi, lakini vikonyo viliangalia juu. Kisha nikatakiwa niondoke. Siku ya tatu nilikuwa nimerudi. Siku ya tano nililegeza nailoni kidogo, nione kama pameshika. Siku ya saba nikafungua kabisa. Vyote vinne vilikauka, kwa kosa ambalo nilikuwa nimewakaripia vijana kwa zaidi ya miaka thelathini.

Rozalia hakunigombeza. Alisubiri machipukizi mengine yatoke, akamwambia Tereza ashike kisu, akaniweka mimi pembeni nielekeze kwa mdomo, mikono nyuma. Tereza ana mkono mzuri kuliko wangu wa ujana. Alipofunga kamba ya mwisho, Rozalia akaninyooshea fimbo. "Sasa nenda kwenu. Usikanyage hapa mpaka nikuite. Ukija, nitakuchapa, na nitakuchapa kweli."

Ndipo nikaja kukaa na nafsi yangu hapa Likombe, msimu wa kwanza na wa pili, nikipogoa miti ya watu. Nimegundua kwamba kungoja ni sehemu ya kazi hii ambayo sikuwahi kuifanya. Niliuwahi kila mti, nikaacha kumngoja mtu amalize kufikiri. Alberto alilitazama lile shina muda mrefu. Ningengoja kidogo tu, pengine angesema. Nyinyi mna simu zinazopiga picha jani na kutaja ugonjwa, na ni vifaa vizuri, ningekuwa kijana ningekuwa nazo mbili. Hazitawaambia nani alifukia na nani. Hilo mtauliza kwa mdomo, na mkishauliza mnyamaze.

Juzi saa tatu asubuhi nilisikia pikipiki imesimama nje. Alikuwa Saidi. Tangu siku ya mpaka hatukuwahi kusemezana. Alishusha kapu lililofunikwa majani, akaniamkia, akalifunua. Ndani mlikuwa na mabibo mekundu ya msimu mpya, na juu yake bibo moja la manjano, korosho yake ikiwa bado inaning'inia.

"Kikonyo kimoja kimezaa na kingine kinafuata," akasema, akatazama pembeni. "Nimetumwa, mama. Bibi yetu anakuita."

Viatu nilikuwa nimeshavaa.